Nukta Mbili kwenye Kitako cha Bunduki

Wiki iliyopita tulimzika Sahara Guhad. Mtu aliyesimama kando yangu katika safu ya sala ya jeneza aliniuliza, baada ya salamu, mimi ni nani kwa marehemu. Nilimwambia ni jirani. Haikuwa kweli, nyumba yake iko nyuma ya soko la mifugo, nami nakaa upande mwingine wa Garissa, ndani ya uzio wa shule. Lakini jibu la kweli lingekuwa refu kuliko kazi ya kufukia kaburi, na jua la saa saba mchana halikuwa na subira na mtu. Mimi ni mtu wa kuweka mambo katika daftari. Nina madaftari ya joto la kila siku, ya kina cha mto Tana wakati wa mvua, ya chupa za maabara na siku zilipofunguliwa. Nikaona niandike na hili, yaani mwaka mmoja tu, ule niliotimiza miaka arobaini na mitatu, umri ambao nilidhani nimeshamaliza kufinyangwa.

Mwaka huo ulianza na kifo cha baba yangu, kijijini kwetu Kotile. Habari zake nyingine si za sura hii. Yatosha kusema tulikuwa watu wa kujuliana hali kwa simu, na kwamba nilipomwosha nilishangaa kuona jinsi miguu yake ilivyofanana na yangu. Siku za tanzia zilipokwisha na wageni wakaondoka na mikeka yao, Eddo Halimo, dada yake baba (eddo ni shangazi kwa Kisomali), alifunga mlango wa chumba cha marehemu, akapanda juu ya sanduku la bati, akavuta kutoka kati ya boriti furushi refu lililofungwa kwa ngozi ya ng'ombe. Lilinuka samli. Ndani yake mlikuwa na bunduki ndefu ya zamani, mbao zake zimekuwa nyeusi kwa mafuta, chuma chake hakina hata doa la kutu. Alikuwa akiipaka samli kila mwaka baada ya Ramadhani, yeye mwenyewe, tangu akiwa msichana. Akaniambia ni ya awoowe, babu yangu Gedi, ambaye alimpokonya Mtaliani kwa mikono mitupu wakati wa vita vya wazungu. Hadithi hiyo niliijua. Kila mtu wa Kotile anaijua. Eddo alipoingia katika nyumba ya arusi wanawake walisogea wakimwita binti wa Gedi aliyempokonya Mtaliani, na ugomvi ulipozuka kisimani neno lake lilisikilizwa kwanza. Hakuwa na mume wala mtoto aliye hai. Alikuwa na hadithi hiyo.

"Wewe umesoma, mwanangu," alisema. "Serikali itaichukua, najua. Lakini kabla haijaichukua, iandike. Ni ya wapi, ya lini, na jina la baba yangu juu yake. Karatasi haifi kama mtu."

Sikuhitaji kubembelezwa. Mke wangu alikuwa amerudi kwao Wajir miaka mitatu kabla, na hatukuwa tumepata mtoto. Nilikuwa mtu wa arobaini na tatu ambaye, akiugua, mlinzi wa shule ndiye angekuwa wa kwanza kujua. Nilitaka kuwa wa mtu fulani. Nilitaka karatasi moja isiyo na kosa yenye jina la babu yangu, na mimi niwe nimeiandika. Kesho yake nilikwenda kwa chifu, kwa sababu sipendi kuvunja sheria hata ninapoona haina maana, nikamweleza kwamba kuna chuma cha zamani nyumbani kwa marehemu. Alikuwa akinywa chai. Alisema sheria haiulizi bunduki ina miaka mingapi. Muda wa kusalimisha silaha kwa hiari ulikuwa unaisha mwisho wa mwaka. Nikiileta kabla, mimi ni raia mwema. "Ukileta baadaye," aliongeza, "hata kama inatoa samli badala ya risasi, nitaandika nilichoona." Nisiitoe nyumbani, nisiipeleke popote. Nilikubali yote mawili.

Kwa hiyo bunduki ilibaki Kotile, na mimi nilikuwa Garissa, na kati yetu kulikuwa na daftari. Kila mwisho wa mwezi nilikwenda na begi dogo: lenzi, utepe wa fundi nguo, penseli laini, karatasi nyembamba, na kile kipimo cha chuma chenye taya mbili ambacho wanafunzi hupimia unene wa waya. Kazi yangu ni ya fundi wa maabara. Mwaka ule hatukuwa na mwalimu wa fizikia, wala wa kemia. Walimu wa kutoka bara walikuwa wameondoka mmoja baada ya mwingine kwa hofu ya mashambulizi, na hakuna aliyewalaumu. Vipimo vilikuwa kabatini, vimepangwa, havina wa kuvigusa ila mimi. Eddo alitandika mkeka karibu na dirisha, akaweka bunduki juu yake, akakaa mlangoni akisokota kamba huku mimi nikipima. Kwanza nilihakikisha haina risasi. Halafu urefu: kidogo chini ya sentimita mia moja na thelathini. Tundu la mtutu: milimita sita na nusu. Chini ya kasha la risasi kulikuwa na uwazi ambao Eddo alidhani ni ubovu, akawa ameuziba kwa kitambaa miaka yote hiyo. Juu ya chuma cha nyuma kulikuwa na maandishi madogo. Niliweka karatasi juu yake na kusugua kwa penseli, na jina la mji likajitokeza herufi kwa herufi, kama mtu anayekuja kutoka katika vumbi.

Nikirudi Garissa nilifanya kazi katika chumba changu. Kilikuwa cha mwisho katika safu ya vyumba vitano vya walimu, na vitatu vilikuwa vitupu. Nilikuwa na kitanda cha kamba, meza, ndoo mbili za maji na simu ambayo mtandao wake ulipatikana nikisimama karibu na dirisha la bafu. Chakula cha mchana nilikula katika hoteli iliyo mkabala na lango, wali na nyama ya mbuzi na ndizi moja kando, nikiwa nimegeukia ukuta kwa sababu meza za kugeukia watu huwa na watu. Jioni nilikula canjeera, ile mikate laini ya Kisomali, zilizobaki asubuhi, nimezilowesha kwa chai. Nyuma ya ukuta wa mbao nyembamba walikaa walimu wawili, wa hesabu na wa Kiswahili, na mjadala wao ulikuwa mmoja tangu Januari: waombe uhamisho au wasiombe. Siku moja nilimsikia wa Kiswahili akimwambia mwenzake, "Wewe ukienda nitabaki na nani? Na yule mtu wa chupa?" Wakacheka. Mtu wa chupa ni mimi. Niliandika sentensi hiyo katika daftari, sijui kwa nini, chini ya vipimo vya kilengeo cha bunduki.

Daftari lilikuwa na safu tatu: ninachoona, ninachodhani, na uhakika wangu ni kiasi gani. Polepole safu ya tatu ilijaa. Ule uwazi haukuwa ubovu. Risasi sita za bunduki ile huingizwa pamoja na kibanio cha bati, na zikiisha kibanio hudondoka kupitia pale. Mji ulikuwa wa Italia. Aina yenyewe ilibuniwa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, na hii ya kwetu ilitengenezwa wakati wa vita vya kwanza vya dunia, kabla babu yangu hajabalehe. Nilijifunza kwamba mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu huzidi kujipinda kadiri inavyokaribia mdomo, jambo ambalo bunduki nyingi hazina. Sijui kueleza furaha ya kujua kitu kama hicho peke yako saa mbili usiku, umeme umekatika, na hakuna mtu wa kumwambia. Ni furaha, lakini haina pa kwenda.

Kitu kimoja kilinishinda. Upande wa kulia wa kitako cha mbao, chini ya utando wa samli ya miaka mingi, kulikuwa na alama: duara, mstari unaoshuka kutoka duara kama mkia, na nukta mbili kando ya mkia. Nilikuwa nimesoma kwamba viwanda vya Italia vilipiga muhuri wa duara mahali hapo hapo. Katika safu ya pili niliandika: muhuri wa kiwanda. Katika ya tatu: karibu kamili. Kilichobaki ni kuujua muhuri wenyewe, kwa sababu ungenionyesha ni ghala gani lililoitoa, na ghala lingenionyesha kikosi, na kikosi kingenipa yule Mtaliani wa awoowe, pengine hata jina lake. Nilitumia miezi minne juu ya alama hiyo. Nilinakili mihuri mia moja na kitu kutoka kwenye kurasa za wakusanyaji wa silaha. Hakuna uliofanana. Mwishowe nilituma mchoro wangu kwenye jukwaa lao la mtandaoni, bila kusema niliko, na mzee mmoja wa Italia, fundi mstaafu, alinijibu kwa adabu kubwa. Aliuliza swali moja: kingo za mistari hiyo zimekatwa au zimeungua?

Nilirudi nyuma katika daftari hadi ziara ya kwanza. Nilikuwa nimeandika, kwa mkono wangu, katika safu ya ninachoona: kingo nyeusi, za mviringo. Macho yangu yalikuwa yameona moto na akili yangu ikaandika muhuri. Mwisho wa mwezi niliiangalia tena kwa lenzi. Mbao ilikuwa imechomwa kwa chuma cha moto. Nilipomwambia yule mzee, alijibu kwamba basi alama hiyo si ya kwao, na kwamba niwaulize watu wa mahali nilipo.

Watu wa mahali nilipo. Nililelewa katika shule za bweni za pwani tangu nikiwa na miaka saba. Kisomali changu kina mashimo, na ngamia kwangu ni mnyama wa kuonekana barabarani. Mtu pekee niliyezungumza naye kila siku nje ya shule alikuwa Dahabo, muuza maziwa ya ngamia aliyekaa na madumu yake ya manjano kwenye kona ya soko. Alikuwa akinisemesha Kiswahili kwa makusudi, lugha ya kumsemesha mgeni, ili wenzake wacheke. "Waryaa mwalimu," angesema, maana yeyote anayetoka lango la shule kwake ni mwalimu, "leo unakunywa maziwa ama unaandika maziwa?" Asubuhi hiyo nilichomoa ukurasa wenye mchoro nikamwonyesha huku akinipimia kikombe. Hakuweka hata chombo chini.

"Hii ngamia ni ya watu wa Guhad," alisema. "Umeiona wapi?"

Nilisema si ngamia. Hakunisikia, au alidhani sijui ninachosema, jambo ambalo lilikuwa kweli. Alishawaeleza wanawake wenzake kwa Kisomali kwamba mwalimu amepata ngamia aliyepotea. Nilielewa nimefanya nini nikiwa nimechelewa. Kwetu familia ina alama yake, nayo huchomwa kwenye ngozi ya ngamia ili asipotee kati ya maelfu; mtu hachori alama ya familia nyingine na kuizungusha sokoni kwa kupitisha wakati. Anayekuonyesha alama anakuambia kwamba mnyama wa mtu yuko kwake. Mchungaji wa miaka sita angelijua hilo. Mimi niliyejua mifereji ya ndani ya mtutu sikulijua. Dahabo alikuwa ameshatoa simu kutoka ndani ya shuka yake. Watu wa Guhad walikuwa wakimletea maziwa. Namba ya dada yao mkubwa alikuwa nayo. Nilimwomba aache. "Usiogope, mwalimu," aliniambia. "Watakushukuru. Pengine watakuoza."

Alikuja mchana wa siku ya pili. Mlinzi alimleta hadi mlango wa maabara: mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwembamba, shuka yake ya kahawia imefika chini, mkononi fimbo ya mti mwepesi. Ndiye Sahara. Niliona kwamba hakuja na kamba. Mtu anayefuata ngamia wake huja na kamba. Nilimpa kiti, akabaki amesimama, akiangalia chupa kwenye rafu. Nilikuwa nimejiandaa. Nilimwambia kwa upole kwamba kulikuwa na kosa, hakuna ngamia, mchoro ule niliunakili kutoka kitabuni kwa ajili ya somo. Aliomba kuuona. Aliushika karibu sana na uso, halafu akaweka kidole juu ya zile nukta mbili.

"Duara na mkia ni vya ukoo wetu wote," alisema. "Nukta mbili aliongeza baba yangu, kwa mkono wake, kwa ngamia wake tu. Alipokufa hakuna aliyezichoma tena. Ngamia wa mwisho wa nukta mbili alikufa kabla wewe hujazaliwa. Dahabo hajui. Mimi sikuja kwa ajili ya ngamia. Nimekuja kuona ni kitu gani kilichobaki."

Akaanza kunieleza, bila kuombwa, kama mtu anayesema jambo alilolichoka zamani. Baba yake, Guhad, alikuwa na bunduki ya Kitaliano aliyoibadilisha kwa ngamia dume upande wa pili wa mpaka, na akaichoma alama yake kitakoni kama alivyochoma kila kilicho chake. Miaka ya hali ya hatari, baada ya Uhuru, askari walipokuwa wakiwakusanya watu na mifugo vituoni na kutafuta silaha, aliiacha kama amana kwa rafiki yake, upande wa Kotile. Mwaka haukwisha, akafa kwa homa. Mama yake alimtuma yeye, kwa sababu msichana wa miaka tisa hapekuliwi, aende akaulize amana. Alitembea siku mbili. Yule rafiki alimwambia hakupokea kitu. Basi watu wakasema Guhad aliuza bunduki, akala bei yake, akawaachia watoto uongo. Kaka zake wawili walikua na jina hilo. Mmoja alihamia Hulugho ili asilisikie. Hata posa yake yeye ilivunjika mara ya kwanza, kwa sababu watu hawataki damu ya mwongo.

Kisha akanitazama kwa mara ya kwanza. "Unaitwa nani, mwanangu?"

Nilisema, Rashid.

"Wa nani?"

Nilisema, wa Osman. Nje wanafunzi walikuwa wakipiga mpira. Nakumbuka nilitamani ungevunja dirisha. Jina la mtu kwetu ni lake, la baba yake, na la babu yake, na anayeuliza mara mbili atauliza mara ya tatu.

"Osman wa nani?"

Nimejiuliza mara nyingi tangu hapo kama niliwahi, katika maisha yangu, kujibu swali gumu zaidi. Ningeweza kusema jina lolote. Lingekuwa shimo jingine tu katika Kisomali changu. Karatasi ya Eddo ilikuwa mezani, imenakiliwa kwa wino, imebaki mstari mmoja. Nilisema, "Osman wa Gedi."

Hakupiga kelele. Aliketi sasa, kwenye kile kiti alichokikataa, akaegemeza fimbo magotini. Aliuliza kama bunduki iko salama. Nilisema imepakwa samli kila mwaka. Nilimwambia kuhusu chifu na mwisho wa muda. Alisema chuma hakitaki, serikali ichukue. Anachotaka ni kaka zake wasikie mtu wa nyumba ya Gedi akisema mbele ya watu kwamba kilikuwa amana. Hakuniomba. Alisema tu ndicho anachotaka, akainuka, akaondoka.

Ijumaa hiyo nilikwenda Kotile. Eddo alikuwa amepika wali na akachanganya samli na sukari kama nilivyopenda utotoni. Nilikula kwanza, kwa woga. Halafu nikamwambia yote, kwa utaratibu, kama ninavyosoma orodha ya chupa. Hakushangaa, na hapo ndipo nilipojua kwamba alijua tangu zamani. Aliendelea kusokota kamba. Alisema alikuwepo siku msichana yule alipokuja. Walikuwa rika moja. Baba yake, Gedi, alimwambia asimame mlangoni asimruhusu kuingia. Askari walikuwa kisimani siku hiyo hiyo. Baba angesema ndiyo, mtoto angesema kwa mama, mama angesema chini ya fimbo ya askari, na watu wangekufa. "Aliwaokoa," alisema.

"Na askari walipoondoka, Eddo?"

Kamba ilisimama. "Walipoondoka watu walishaiona bunduki, na mtu mmoja akasema kwa mzaha kwamba Gedi alimpokonya Mtaliani, na baba akacheka, hakukataa. Mwaka uliofuata ilikuwa wimbo." Akaongeza, taratibu, kwamba mimi nitarudi Garissa kwenye chupa zangu, lakini yeye atakwenda kisimani kesho na kesho kutwa. "Ukisema, Rashid, usirudi hapa kama mwana wa nyumba hii."

Nilikaa wiki tatu Garissa na maneno hayo. Sikuwa na mtu mwingine duniani anayeniita mwana. Ningeweza kupeleka bunduki kimya kimya, nikasaini, ikaisha. Sahara hakuwa na shahidi. Nyuma ya ukuta walimu walikuwa wameamua: barua za uhamisho zilikuwa zimekwenda, na walikuwa wakigawana masufuria kwa sauti za chini kama watu waliofiwa. Nilisikiliza, nikafikiri kwamba kati ya watu wote wanaohusika na jambo hili, Eddo atapoteza jina ambalo si lake na kaka za Sahara watapata lililo lao, na kwamba hesabu hiyo ni sahihi, na kwamba usahihi wake haunipunguzii kitu. Nilimpigia simu Sahara nikamtajia siku.

Asubuhi ya siku hiyo Eddo hakutoka chumbani mwake. Nilikuta furushi limeegemezwa mlangoni, ngozi imefungwa upya, mafundo mapya. Nililibeba hadi ofisi ya chifu, mbele ya kila mtu, katikati ya barabara. Sahara alikuwa kwenye benchi na kaka zake wawili, wazee wenye ndevu za hina, mmoja amesafiri kutoka Hulugho. Walikuwepo polisi wawili, na watu kumi na kitu waliokuja kwa shida zao za vyeti na malisho. Chifu alifungua fomu akauliza jina la mwenye silaha. Niligeuka nikasema, kwa Kisomali changu chenye mashimo, kwamba bunduki hii ni ya Guhad, aliiweka amana kwa babu yangu Gedi, na babu yangu alipoulizwa alikana. Kwamba Guhad hakuuza na hakudanganya. Kwamba hakukuwa na Mtaliani. Mtu mmoja nyuma alicheka kidogo, kisha akaacha. Chifu alisema fomu inataka jina la anayeleta, si la marehemu. Nilimwomba aandike yote mawili, akaandika la pili pembeni, kwa herufi ndogo. Kaka wa Hulugho aliomba aishike. Alipitisha kidole gumba juu ya nukta, mara moja, akampa polisi. Ikaingia nyuma ya gari pamoja na vyuma vingine vilivyosalimishwa, na sijawahi kujua ilipelekwa wapi.

Hakuna aliyenipa mkono isipokuwa huyo kaka. Sahara alinifuata hadi kivuli cha tangi la maji. Aliuliza kama yule msichana aliyesimama mlangoni siku ile bado yu hai. Nilimwambia yu hai, ni shangazi yangu, na nyumba yake ni ile pale yenye mabati mekundu. Aliitazama kwa muda mrefu lakini hakuelekea huko. "Nilipokuwa narudi," alisema, "alinikimbilia nyuma ya boma akanipa maji. Mwambie sikusahau maji yale."

Sikurudi Kotile mara moja. Ilipita miezi miwili, mvua ilikata barabara, na nilijiambia ni kwa sababu ya mvua. Nilipokwenda, hakuna mwanamke kisimani aliyeitikia salamu yangu, na nilisikia mmoja akimwita Eddo kwa jina lake tu, Halimo, bila la baba. Yeye hakunikataza kuingia. Alinitandikia mkeka, akaniwekea wali na chai, akatoka akakaa nje ya kizingiti akinipa mgongo, kama anavyokaa mtu anayemlisha msafiri. Nilikula. Nikamwambia mgongo wake kwamba Sahara binti Guhad anamsalimu, na anasema hakusahau maji aliyompa nyuma ya boma siku ile.

Hakugeuka. Nilianza kukusanya vyombo.

"Hayakuwa maji," alisema. "Yalikuwa maziwa."